Nondo zimeibwa Mangamba: uhalifu huu umetoka wapi?

Kutoka: Columbus, Ohio

Ndugu zangu wa Kusini, salaam.

Mpwa wangu amenipigia simu usiku kutoka Mtwara. Boma langu la Mangamba lilikuwa limefika kwenye lenta. Wameingia, wamebeba nondo zote zilizobaki, saruji na pampu ya kisima. Majirani hawakusikia kitu. Baba yangu, yuko Newala, anasema enzi zao mlango ulifungwa kwa kamba ya kuzuia mbuzi tu. Na hapa kazini kuna mzee wa Kimarekani ananisimulia hayohayo kuhusu mji aliozaliwa.

Naomba mnisaidie mawazo. Miaka hii arobaini au hamsini kumetokea nini? Na je, niendelee kujenga au nisimamishe mpaka nirudi mwenyewe?

Kutoka: Chuno, Mtwara

Mdogo wangu, pole sana. Fedha ya zamu za usiku kwenye baridi ikipotea hivyo, inauma.

Wengine humu mnanijua, nilikaa Uingereza miaka mingi, nikarudi, na sasa natazama nyumba za baadhi ya wenzetu walioko nje. Asubuhi nimekwenda Mangamba na mpwa wako. Kufuli la stoo halijaguswa. Limetolewa bati moja la nyuma, na misumari imepangwa juu ya tofali, mmoja mmoja, haijapinda. Alama za guta zinaelekea barabara kubwa. Aliyefanya kazi ile hakuwa na haraka hata kidogo. Alijua hakuna anayelala pale.

Sasa swali lako. Mzee wa Newala anasema kweli, lakini tuangalie nyuma ya ule mlango wa kamba kulikuwa na nini. Mikeka, masufuria, pengine redio na baiskeli. Kituo cha kwanza cha televisheni Tanzania Bara kimeanza kurusha matangazo mwaka 1994. Halafu nyumba haikubaki tupu: bibi yuko barazani, watoto uani, na balozi wa nyumba kumi anajua mgeni gani kalala kwa nani. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, vijana wasio na ajira wakawa wanakamatwa mijini na kupelekwa mashambani. Utulivu ule kuna watu waliulipia bila kosa lolote. Wala haukuwa wa nchi nzima. Kule Shinyanga na Tabora, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulizidi mpaka wanavijiji wakaunda Sungusungu, vikundi vyao vya ulinzi.

Mzee wako wa kazini naye hajakosea. Marekani mwaka 1960 waliuawa watu kama 5 katika kila 100,000. Kufika 1980 ni 10, na 1991 bado karibu 10. Naanza na mauaji kwa sababu wizi ukiongezeka kwenye vitabu vya polisi, pengine watu wamepata simu na bima, wakaripoti zaidi. Maiti haifichiki kirahisi namna hiyo.

Sababu zinazotajwa ni nyingi. Watoto wengi waliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia walifikia ujana miaka ya 1960 na 1970, na vijana wa kiume ndio wanaofanya uhalifu zaidi karibu kila nchi. Viwanda vilifungwa. Hapo Ohio kwenu, Septemba 1977, kiwanda kikubwa cha chuma cha Youngstown kilitangaza kufunga, na watu wapatao 5,000 wakapoteza kazi. Ikaja heroini, halafu kokeini ya kuvuta kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na bunduki za kuilinda biashara hiyo. Wapo pia watafiti wanaotaja madini ya risasi yaliyotiwa kwenye petroli, ambayo moshi wa magari uliyaingiza kwenye ubongo wa watoto. Marekani ilianza kuyapunguza miaka ya 1970, na watoto waliokua bila moshi huo walipofikia ujana, uhalifu ukashuka. Hoja hiyo ina uzito, ingawa inabishaniwa bado. Kwa Mtwara ya utoto wetu, yenye magari ya kuhesabika, sioni kama inatufikisha mbali.

Maelezo yanayoniingia zaidi ni ya Lawrence Cohen na Marcus Felson, watafiti wa uhalifu wa Marekani, ya mwaka 1979. Walishangazwa na jambo moja: miaka ya 1960 kipato cha Wamarekani kilikuwa kinapanda, na wizi nao unapanda. Kwa hiyo shida peke yake haitoshi kueleza. Wakasema wizi unataka vitu vitatu vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu aliye tayari kuiba, kitu kinachobebeka na kuuzika, na mahali pasipo na wa kulinda. Wanawake wengi walikuwa wameanza kwenda kazini, nyumba zikabaki tupu mchana. Televisheni nazo zikawa nyepesi, mtu mmoja anabeba.

Lipime boma lako kwa vitu hivyo vitatu. Nondo zamani ungemuuzia nani? Leo wanunuzi wa vyuma chakavu wapo, wana mizani, na chuma kikishakatwa vipande hakina jina la mwenyewe. Wa kulinda hayupo: wewe Ohio, mpwa wako Ligula, na mtaa wenyewe nusu ni maboma ya watu wa Dar es Salaam na wa nje, hayana taa wala mbwa. Sisi wenyewe tumejenga mitaa isiyo na macho. Hilo linaniuma kulisema, lakini kila nikipita kule jioni naliona.

Anabaki yule mtu aliye tayari kuiba. Hapa siwezi kusema "vijana wameharibika" nikanyamaza. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, lakini matumaini makubwa yalipanda miaka ya karibu na 2012. Viwanja vilipanda bei, vijana wakaja mjini kutoka Tandahimba, Nanyumbu na Nachingwea kungoja kazi. Mnakumbuka Januari na Mei 2013, vurugu za kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, watu walikufa na nyumba zikachomwa. Aliyekuwa na miaka 18 wakati ule leo ni mtu mzima mwenye watoto, na kazi aliyoingoja hakuipata. Wengi wao wanaendesha bodaboda, wanauza samaki Feri, wanahangaika kwa halali kabisa. Wachache wanachungulia maboma. Nakataa kuwaweka wote kapu moja.

Kutoka: Leicester, Uingereza

Kaka wa Chuno, shikamoo. Kaka wa Columbus, pole.

Naongeza kutoka huku. Uingereza pia uhalifu ulipanda miongo kadhaa, ukafika kileleni katikati ya miaka ya 1990, kisha ukaanza kushuka. Wizi wa magari ulishuka sana baada ya magari mapya kufungwa kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wake. Tabia za watu hazikubadilika ghafla miaka ile. Kazi ya kuiba gari ndiyo ilikuwa ngumu.

Ila nina jambo na kaka yangu. Umesema mahali pasipo na mlinzi, na mimi nafikiria watoto. Kwetu Lindi wapo wengi wanaolelewa na bibi kwa sababu sisi tuko huku. Tunatuma ada, tunatuma viatu. Mtoto wa miaka 14 anakuwa na simu nzuri kuliko ya mwalimu wake, na jioni hakuna anayemuuliza ametoka wapi, bibi magoti yanamuuma. Mwanangu wa kwanza alikaa hivyo miaka kadhaa kabla sijamleta. Anayekosa macho hapo ni mtu, wala si nondo. Kama tunatafuta sababu, hii nayo tuiweke mezani.

Na wizi wenyewe umehama. Tangu fedha ziingie kwenye simu, mama yangu hupata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Siku moja alituma kweli, akidhani ni mimi nimebadilisha namba. Tangu hapo nimemwambia: bila kusikia sauti yangu, asitume hata shilingi.

Kutoka: Columbus, Ohio

Dada, hilo la watoto limenigusa, wangu wawili wako Newala. Nitalizungumza na mke wangu leo.

Kaka, nikiweka mlinzi wa usiku inatosha?

Kutoka: Chuno, Mtwara

Dada, marahaba. Nimekuelewa, na uko sahihi.

Mdogo wangu, mlinzi anayekuja saa mbili usiku na kulala saa tano hakusaidii. Bora familia. Maliza chumba kimoja cha uani na choo, kiezeke, weka mtu na mkewe wakae bure, walime mchicha, wawashe moto jioni. Kuna kijana wa Naliendele namfahamu, fundi baiskeli, ana mke na mtoto mchanga, anatafuta pa kukaa. Nitakwenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa waandikishane, majirani wamwone na jina lake lijulikane. Mlipe kitu kidogo kila mwezi, na usikipitishe tarehe, maana mlinzi asiyelipwa anazijua nondo zako kuliko mtu yeyote.

Vifaa usinunue kwa mkupuo. Lori likishusha mifuko mia ya saruji mchana, mtaa mzima umeona. Nunua ya kazi ya wiki ile, fundi akiwa tayari yupo. Nondo zikifika zikatwe na kufungwa siku hiyohiyo, zikishaingia kwenye zege hazina mnunuzi. Wizi uripotiwe polisi leo, mpwa wako achukue namba ya taarifa, hata kama unaona haina maana. Msimu wa korosho umeanza, fedha ziko mikononi mwa watu na wageni wa kangomba, wanaonunua korosho kwa magendo, wameshaingia, kwa hiyo subiri Januari ndipo ununue mabati. Hicho chumba cha uani kianze wiki hii.