Eddie Murphy katudhulumu: maiki aliiweka chini 1987, sisi tukaletewa punda

Wakuu, leo mnivumilie, nimekereka.

Kwenye mabishano ya nani mchekeshaji bora wa wakati wote, kijana mmoja kauliza kama Eddie Murphy ndiye "yule punda wa Shrek". Watu wakamshambulia. Mwacheni kijana wa watu. Shrek, ile filamu ya katuni ambayo Murphy ndiye sauti ya punda, ilitoka 2001, kakuta punda, atasema punda. Hasira zangu zote ziko kwa Murphy mwenyewe.

Huyu bwana aliingia Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha TV ya Marekani, 1980 akiwa na miaka 19. Kipindi kilikuwa hoi, mastaa wake wa mwanzo, kina John Belushi na wenzake, wote wameshaondoka, dogo akakibeba mgongoni. 1982 akatoka na 48 Hrs., 1983 Trading Places, 1984 Beverly Hills Cop, ambayo mwanzo ilipangwa iwe ya Sylvester Stallone. Hongera zake. Lakini katikati ya filamu zote hizo ALIKUWA BADO ANAPANDA JUKWAANI. Agosti 1983 alisimama Constitution Hall, Washington, na ile suti nyekundu ya ngozi, peke yake na maiki. Ndilo onesho lake la Delirious hilo. Baba mlevi kwenye sherehe ya nyama choma, shangazi anayeporomoka ngazini, watoto wanaochanganyikiwa kwa sababu gari la aiskrimu limepita mtaani. Familia nzima inatoka kwenye koo la kijana wa miaka 22.

(Najua kuna atakayekuja na ule utani wake kuhusu mashoga na Ukimwi. Ni kweli, ulikuwa wa hovyo, na mwenyewe aliomba radhi hadharani 1996. Tuendelee.)

1987 ikaja Raw, onesho lake lingine la jukwaani, ikarekodiwa New York, ikapelekwa kwenye majumba ya sinema ikaingiza kama dola milioni 50. Mtu mmoja na maiki! Mpaka leo hakuna filamu ya onesho la jukwaani iliyoifikia. Baada ya hapo, kimya. Ana miaka 26, yuko juu kuliko wote, kaweka maiki chini na hajarudi na onesho lingine kamili.

Mtaniambia pesa ilikuwa kwenye filamu. Haya, tuziangalie.

Coming to America, 1988, siigusi. Sisi wa vibanda umiza tulimjulia humo, tena chini ya sauti ya mtafsiri aliyekuwa anaongeza utani wake mwenyewe, na bado tulikufa kwa kicheko. Pale kinyozi, Murphy ni Clarence, halafu ni yule mzee wa Kiyahudi, na kuna watu mpaka kesho hawajui kwamba ni yeye. Lakini oneni aina ya watu aliohamia kwao. Filamu imeingiza mamilioni ya dola dunia nzima, mwandishi Art Buchwald kawashtaki Paramount, kampuni iliyoitoa, kwamba wazo lilikuwa lake, kashinda, halafu Paramount wanadai kwa hesabu zao filamu haijapata faida. Kwa ajili ya hao ndio jukwaa likaachwa.

1996, The Nutty Professor. Kacheza watu saba. Saba! Familia imekaa mezani inakula, na karibu kila anayetafuna pale ni yeye. Oscar ikaenda wapi? Kwa Rick Baker na mwenzake, waliompaka vipodozi. Sura imepewa tuzo, mwenye pumzi ndani ya ile sura hata kuteuliwa hakuteuliwa. Hapo nawalaumu Oscar, simlaumu yeye.

Ila 2002 namlaumu, tena sana. The Adventures of Pluto Nash. Bajeti kama dola milioni 100, mapato dunia nzima kama milioni 7. Kilabu ya usiku mwezini, jamani. Nani alimsomea ule muswada akasema hii nayo tunafanya? Mtu aliyewahi kuangusha ukumbi mzima kwa kuigiza mtoto mwenye aiskrimu, anazunguka mwezini na roboti na hakuna anayecheka.

Halafu Dreamgirls, 2006, kaimba, kaigiza, Golden Globe kachukua. Oscar inanukia kabisa. Februari 2007, kura zikiwa bado zinapigwa, komedi yake ya hovyo, Norbit, ikatua sokoni na mabango yake kila kona. Oscar akapewa mwigizaji mwingine, Alan Arkin. Siwezi kuapa kwamba Norbit ndiyo iliyomponza, lakini ingekuwa mimi mpiga kura ningesita pia.

Na msinidanganye kwamba huwezi kufanya vyote viwili. Mchekeshaji Richard Pryor alikuwa nyota wa filamu na bado 1982 likatoka onesho lake la jukwaani akisimulia alivyoungua moto. Chris Rock, ambaye Murphy ndiye aliyempa kinafasi kidogo kwenye Beverly Hills Cop II, hajawahi kuacha maiki. Kevin Hart 2015 alijaza uwanja wa mpira pale Philadelphia, watu zaidi ya 50,000, huku filamu zake zinatoka kila mwaka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uwezo haujaisha. 2015 alipopewa tuzo ya ucheshi ya Mark Twain alimwigiza mchekeshaji mwenzake Bill Cosby kwa dakika chache tu, ukumbi ukalipuka. 2019 kwenye Dolemite Is My Name kashika maiki tena, kasimama mbele ya watu, kawamaliza... kumbe anamwigiza mchekeshaji wa zamani, Rudy Ray Moore! Mtu mwenye Delirious na Raw anarudi jukwaani kwa vichekesho vya mtu mwingine, tena marehemu. Ni filamu nzuri, nimeiangalia zaidi ya mara moja, na kila mara inanipandisha presha.

Nyongeza: wanaonijibu "mwache mzee apumzike", 2024 si kaonekana Beverly Hills Cop ya nne anakimbizana na wahalifu akiwa na miaka 63? Kama ni kupumzika apumzike kote. Na yule aliyeandika kwamba Norbit ni nzuri, sijibizani na wewe.