Jumapili bila nyama wala kidonge cha mchuzi

Kikundi: Watoto wa Bibi, Tanga
Alhamisi jioni

Mama Aziza: Assalaam alaykum jamani. Mjomba Hamisi anashuka Jumapili kutoka Lushoto, atakaa kwangu wiki nzima. Daktari kamwambia presha iko juu, apunguze chumvi. Nyama mwenyewe kaiacha tangu mfungo uliopita, mayai na maziwa anatumia. Siku hiyo tutakuwa watu kama kumi na tano. Nikitoa nyama na nikitoa kidonge cha mchuzi, ladha naitoa wapi?

Rehema, Muscat: Waalaykum salaam dada. Mbona siku hizi kuna soseji za mboga na nyama ya soya? Nenda supamaketi, unakaanga tu yamekwisha.

Salim wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo): Shikamooni wote. Dada Rehema, soseji za mboga kwa Mjomba hapana. Geuza pakiti usome nyuma. Vitu vinaandikwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Utakuta maji, protini ya soya iliyochujwa, mafuta, wanga, chumvi, vionjo, rangi. Nyama haimo lakini chumvi anayokatazwa imo.

Rehema, Muscat: Kwa hiyo kila kilichopita mashineni kibaya? Hata dona?

Salim wa SUA: Dona halina neno, kula. Kusaga, kukausha na kugandisha mtindi ni mambo ya zamani na hayana ubaya wowote. Kuna mtaalamu wa Brazil, Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, mwaka 2009 alipendekeza vyakula vipangwe kwa kuangalia vimefanywa nini kabla ya kufika kwako. Maharage, mchele, mchicha, maziwa, unga wa nafaka viko fungu la kwanza. Chumvi, sukari na mafuta ya kupikia ni la pili. Mkate wa kawaida na jibini la tatu. Linalotusumbua ni la nne, vitu vilivyoungwa kiwandani kwa vipandevipande vya vyakula, vikatiwa rangi na vionjo ambavyo hakuna mtu anavyo kabatini kwake. Soda imo humo, soseji imo, na kidonge cha mchuzi kimo.

Baba Juma: Mimi nauliza jambo jingine. Tunaita watu kumi na tano halafu hakuna hata kipande cha nyama? Watasema tumewanyima.

Mjomba Hamisi: Nimo humu, nawasoma. Anayekuja kuniona mimi atakula ninachokula mimi. Ila msinipikie chakula cha mgonjwa, tafadhalini.

Mama Aziza: Shikamoo Mjomba! Hukai njaa kwangu inshallah.

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Nakuja na mboga za huku, karoti, njegere, hoho na koliflawa. Zitavunwa Jumamosi jioni.

Shangazi Zuhura: Marahaba nyote. Mnauliza ladha inatoka wapi, na mmekaa juu ya minazi. Niswali isha nitume sauti, kuandika kunaniumiza macho.

Salim wa SUA: Wakati tunamsubiri Shangazi: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Ni kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa yote, ya mkate, ya mchuzi na ya kachumbari.

Mama Aziza: Kijiko kimoja kutwa? Mimi natia hicho kwenye sufuria moja.

Salim wa SUA: Sufuria ya watu wengi si neno, mnagawana. Tabu inakuja unapotia kijiko chako, halafu na vidonge viwili vya mchuzi ambavyo navyo ni chumvi. Soma karatasi yake, chumvi kwa kawaida ndiyo inayotangulia.

Shangazi Zuhura (sauti, Salim ameiandika kwa wasiofungua sauti):

Mama Aziza, pika mbaazi za nazi. Chagua mawe, loweka mbaazi Jumamosi usiku. Asubuhi maji yale mwaga, tia mengine, chemsha mpaka ukiibana mbaazi kwa vidole viwili inapondeka. Kabla haijaiva usitie nyanya, usitie ukwaju, usitie ndimu. Kitu kikali kinaifanya mbaazi igome, utamaliza mkaa na haiivi.

Nazi kuna mwenyewe. Kamua tui zito, weka pembeni. Machicha tia maji ya vuguvugu, kamua tena upate tui jepesi. Mbaazi zilizoiva zichemke ndani ya tui jepesi, zilinywe.

Sasa kitunguu. Watu wanakitia kwenye mafuta, kikilainika tu wanamwaga nyanya. Kitunguu hicho bado hakijatoa kitu! Kikate chembamba, moto mdogo, kigeuzegeuze bila haraka mpaka kiwe rangi ya asali ya nyuki wadogo. Hapo ndipo utamu wake unatoka. Kisha kitunguu saumu na tangawizi, uvitwange papo hapo kwenye kinu. Bizari nzima usiitie unga uliokaa kopo miezi. Ikaange kavu, ikianza kunukia epua, twanga. Manjano ncha ya kijiko inatosha. Nyanya ziwe zimeiva kabisa, zile laini ambazo wauzaji wanapunguza bei jioni, hizo ndizo za mchuzi. Zipike mpaka uone mafuta yamejitenga pembeni. Ukiwa na haraka hapo umeharibu, hakuna kidonge kitakachokuokoa.

Mimina kwenye mbaazi. Pilipili mbichi itie nzima, isipasuke, itakupa harufu na watoto watakula. Tui zito liwe la mwisho, moto mdogo, koroga, usifunike lisije likakatika. Epua. Kamua ndimu. Halafu, baada ya ndimu, ndiyo uonje chumvi. Utaona ile uliyotaka kuongeza huitaki tena.

Rehema, Muscat: Shangazi umenitia njaa saa hizi 😭

Salim wa SUA: Shangazi, hayo ndiyo tunayosomeshwa maabara. Kile kidonge ukiondoa chumvi, kinachokuvutia ni glutameti, kile kinacholeta ladha nono ya mchuzi. Mwaka 1908 profesa mmoja wa Tokyo, Kikunae Ikeda, aliitoa kwenye mchuzi wa mwani wa kombu wanaoupikia Wajapani, ikaanza kuuzwa ikiwa chembechembe kama chumvi. Lakini ileile imo ndani ya nyanya iliyoiva, hasa kwenye ule uteute wa mbegu. Kwa hiyo msizikamue mbegu mkazitupa. Na la ndimu ni kweli tupu, ukali unaufanya ulimi uisikie zaidi chumvi kidogo iliyopo.

Rehema, Muscat: Basi mimi nina langu. Huku wanatia lumi, zile ndimu zinazochemshwa kwa maji ya chumvi zikaanikwa juani mpaka zinakuwa nyeusi na nyepesi. Naitoboa moja natumbukiza kwenye dengu, inatoa ukali wenye harufu ya moshi kidogo. Bamia nazo zinaipenda sana. Mwezi ujao kuna mtu anakuja, nitampa mfuko.

Shangazi Zuhura: Lete. Mama yangu alikuwa akiletewa hizo na mabaharia.

Mjomba Hamisi: Na kisamvu je? Huku baridi, kisamvu cha nazi nakiota.

Shangazi Zuhura: Utapata. Kisamvu changa, cha karanga na nazi. Karanga nitakaanga na kusaga mwenyewe.

Salim wa SUA: Kitwangwe hasa, Shangazi, na kichemke sufuria ikiwa wazi, muda mrefu. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, kutwanga kunaifungua na mvuke unaondoka nayo. Anayekipitisha kwenye moto dakika chache ili kibaki kijani anajidhuru.

Shangazi Zuhura: Nakipika tangu babako hajazaliwa. Lakini umesema vizuri, waandikie na hawa wasichana wasikie.

Mama Aziza: Salim, nina la pembeni. Aziza damu yake ndogo, amepewa vidonge vya madini ya chuma. Akila hivi vya mboga tu wiki nzima hatazidi kuishiwa?

Salim wa SUA: Chuma kimo kwenye mbaazi, maharage, mchicha. Tatizo mwili unakichukua kwa shida kuliko cha nyama. Msaidie kwa kitu chenye vitamini C palepale, ndimu, kachumbari yenye hoho mbichi, au embe baada ya kula. Na chai asinywe pamoja na chakula, asubiri saa moja hivi, kwa sababu chai inakizuia. Vidonge vyake asiviache hata kidogo.

Shangazi Zuhura: Mbaazi na mahamri asubuhi bila chai?

Salim wa SUA: Ni kwa Aziza tu, Shangazi. Wewe na Mjomba kunyweni.

Rehema, Muscat: Na mtu asiyekula hata mayai wala maziwa? Jirani yangu Mhindi hagusi hivyo.

Salim wa SUA: Huyo lazima atafute vitamini B12 kwa vidonge au chakula kilichoongezwa, mimea haimpi. Mjomba kwa mayai na maziwa yake yuko salama.

Ijumaa

Baba Juma: Jana usiku mama Juma kapika maharage kwa ile njia ya kitunguu cha moto mdogo. Nimeyala na ugali wa dona, sikuuliza nyama. Jumapili niandikeni biringanya, nitazichoma mkaani mimi mwenyewe, nitazimenya na kuziponda na kitunguu saumu na ndimu.

Mjomba Hamisi: Hewaa. Ngozi iungue kabisa, ndiyo utamu.

Mama Aziza: Basi ni wali wa nazi, mbaazi, kisamvu, biringanya za Baba Juma, kachumbari, na mboga za Lushoto nitazikaanga na bizari, harakaharaka zisilegee. Vinywaji juisi ya ukwaju, sukari kidogo. Soda sinunui.

Shangazi Zuhura: Wali na kisamvu chumvi robo ya ile unayotia kila siku, chombo cha chumvi kikae mezani kwa wasiokuwa na presha.

Mama Aziza: Nazi nimepata kumi na mbili, zimekomaa, nimezitikisa zote. Ila kifumbu changu kimechanika. Nani ana cha ziada?

Baba Juma: Sisi tunacho. Juma atakuletea kesho baada ya madrasa.

Shangazi Zuhura: Apite na kwangu achukue mbuzi ya kukunia. Ya kwako Mama Aziza meno yamekwisha, utakuna mpaka Jumatatu.