Mama alivunjika paja miezi saba iliyopita, mfupa haujaunga: naomba ushauri

Mwana wa Nansio:
Ndugu zangu, heshima kwenu, na shikamoo kwa wakubwa. Ninamuuguza mama yangu mwenye miaka 69, ambaye tulimtoa Ukerewe tukamleta kwangu Kirumba baada ya kuvunjika mfupa wa paja la kulia. Hakuanguka kutoka juu wala hakugongwa na pikipiki. Alikuwa anageuka jikoni ameshika sufuria ya uji, akasikia kitu kinakatika pajani, ndipo akaanguka. Alifanyiwa upasuaji akawekewa chuma ndani ya mfupa, na kidonda kikakauka vizuri bila usaha wala homa. Sasa ni mwezi wa saba na bado hawezi kuukanyagia mguu ule bila kukunja uso. Picha ya eksirei ya wiki iliyopita inaonesha ufa uko palepale katikati ya paja, umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

Tulipouliza tulijibiwa kwamba mifupa ya wazee ndivyo ilivyo, tusubiri. Jibu hilo limeniuma, kwa sababu aliyekuwa akianika dagaa tangu alfajiri sasa anaomba kusaidiwa hata kujigeuza kitandani. Ana pumu na ametumia dawa ya prednisolone kwa miaka mingi. Hana kisukari na havuti tumbaku. Shangazi anataka tumpeleke kwa mzee anayeunga mifupa kwa kuchua. Je, tusubiri hadi lini?

Binti Sengerema:
Pole sana kwa kuuguza. Kwa shangazi jibuni kwa adabu, lakini msikubali mguu huo uvutwe wala ukandwe. Baba yangu alichuliwa goti lililovunjika, na tulipomfikisha hospitali vipande vilikuwa vimeachana.

Muuguzi Mstaafu:
Mwanangu, pole, na mpe mama salamu zangu. Mfupa wa paja la mtu mzima kwa kawaida huunga ndani ya miezi mitatu hadi sita, na usipoonesha dalili ya kusonga mbele hadi mwezi wa tisa, wataalamu wengi huhesabu kwamba umeshindwa kuunga. Kwa hiyo mmechelewa kurudi kwa daktari bingwa wa mifupa, ila hamjachelewa kutibiwa. Kabla sijaendelea, naomba unijibu mambo mawili. Je, paja hilo lilimuuma kabla ya kuvunjika? Na je, kuna kidonge cha mifupa anachomeza mara moja kwa wiki?

Mwana wa Nansio:
Mama, swali lako limenishtua. Paja lilimuuma miezi mingi, sisi tukidhani ni baridi yabisi. Kidonge kipo, kinaitwa alendronate. Dada hukituma kutoka Dar es Salaam. Kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani hukimeza kwa glasi nzima ya maji, akakaa wima nusu saa ndipo anywe chai. Huu ni mwaka wa saba, na Jumapili iliyopita alikimeza.

Muuguzi Mstaafu:
Asante kwa kueleza vizuri. Mfupa ulio hai hubomolewa kidogo kidogo na kujengwa upya kila siku. Mwenye osteoporosisi, yaani mifupa iliyopungukiwa na uzito, hubomolewa kuliko anavyojengewa, na prednisolone huzidisha hali hiyo. Kidonge hicho hupunguza ubomoaji, na kimewaepusha watu wengi na kuvunjika nyonga na uti wa mgongo, kwa hiyo dada yako hakukosea. Lakini kikitumika miaka mingi, nyufa ndogo za kila siku huweza kukosa kukarabatiwa, hadi paja likatike kwa kugeuka tu. Mvunjiko wa namna hiyo ni nadra, hutanguliwa na maumivu ya paja, hukata mfupa kwa mkato ulionyooka, na huunga polepole. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo lake liandikwe kwenye dawa za kundi hilo.

Sithubutu kusema ndicho kilichompata mama bila kuona picha, ila maelezo yako yanafanana mno. Asimeze kidonge cha Jumapili hii kabla ya kuonana na daktari. Prednisolone, kinyume chake, msiikatishe ghafla, maana ni hatari. Nendeni na picha zote tangu ya kwanza, pamoja na boksi la dawa. Ombeni apimwe vitamini D na kalsiamu, na muulize kama chuma kinahitaji kubadilishwa au kama sindano ya teriparatide, inayochochea ujenzi wa mfupa, inamfaa. Ni ya gharama, kwa hiyo ulizeni bei mapema. Kama anakunywa diclofenac kwa maumivu, mtajieni daktari hilo pia, kwani huweza kuamsha pumu.

Kubwa kuliko yote: ombeni picha ya paja la kushoto lote, kuanzia nyongani hadi gotini. Tatizo hili huweza kushika miguu yote miwili, na ufa ukionekana mapema huweza kuwekewa chuma kabla mfupa haujakatika.

Mwana wa Nansio:
Nimetoka kumuuliza sasa hivi. Amesema la kushoto nalo humuuma akiinuka, tangu mwezi uliopita, ila hakutaka kutuongezea mzigo. Nimemwomba asilikanyagie usiku huu, nimemsogezea beseni karibu na kitanda, na asubuhi tunapanda hospitali ya Bugando na picha zote.