Kabla Salma Hajasafiri: Gumzo la Ukoo Kuhusu Mbwa Koko wa Ugenini

Salma: Shikamooni nyote. Nyumba nitakayoishi wakati wa masomo iko mwendo wa dakika 20 kutoka kituo cha treni, na mwenyeji wangu ameniandikia kwamba njiani kuna mbwa koko wengi, hasa alfajiri na usiku. Naomba ushauri wa yeyote aliyewahi kukutana nao ugenini, kwa sababu mimi nikimwona mbwa, miguu hutangulia kabla ya akili.

Idi: Dada, beba fimbo, mambo yaishe.

Mjomba Hamisi: Marahaba, Salma. Idi, fimbo hiyo ndiyo ningeiogopa kwanza, kwani mbwa aliyekuwa akikutazama tu, ukimwinulia fimbo hujiona ameingiwa vita, na wenzake wakisikia anabweka huja kumsaidia. Mimi niliwahi kufukuzwa na mbwa watatu nikiwa safarini, na kosa langu lilikuwa kukimbia. Mbwa hufuata kinachokimbia hata kama hakuwa na haja nacho, na mbio zake binadamu haziwezi. Salma, ukiwaona, simama. Usipige kelele, usiwakazie macho wala usiwape mgongo. Rudi nyuma polepole huku mkoba ukiwa mbele yako, ili mbwa akijirusha aume mkoba badala ya mguu.

Mama Salma: Na akiangushwa je, kaka?

Mjomba Hamisi: Ajikunje, uso uelekee chini, viganja avifumbate nyuma ya shingo na mikono izibe masikio, kisha atulie hivyo hivyo mpaka waondoke. Mimi sikuyajua hayo. Nilianguka, mmoja akanikwaruza kwa jino, damu ikatoka kidogo, mhudumu wa nyumba ya wageni akanipaka mafuta, nikalala.

Mama Salma: Mbona hukuwahi kutuambia?

Mjomba Hamisi: Niliona aibu.

Shangazi Rukia: Shemeji, hilo lilikuwa lini?

Mjomba Hamisi: Yapata miaka 16 sasa.

Shangazi Rukia: Basi tushukuru. Salma, mjomba wako amekueleza vizuri namna ya kumkwepa mbwa, lakini katika miaka yangu ya uuguzi sikuogopa majeraha makubwa kama nilivyoogopa mkwaruzo wa namna hiyo, kwa sababu jeraha kubwa humpeleka mtu hospitali lenyewe, ilhali mkwaruzo hupakwa mafuta na kusahauliwa. Virusi vya kichaa cha mbwa vimo katika mate. Vikishaingia penye jeraha hupanda kupitia mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, safari ambayo kwa kawaida huchukua miezi 2 au 3, ingawa huweza kuwa wiki 1 au hata mwaka mzima, na muda wote huo mtu hajisikii mgonjwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo ukiumwa, ukikwaruzwa, au mbwa akikulamba mahali penye kidonda, osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, na uziangalie kwenye saa, maana dakika 15 za kuosha ni ndefu kuliko unavyodhani. Usipake mafuta, majani wala kitu chochote cha jikoni. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uanze chanjo.

Idi: Shangazi, nimesoma kwamba mbwa akikaa siku 10 bila kuugua, hakuna hatari.

Shangazi Rukia: Hizo siku 10 ni za mbwa anayejulikana na anayeweza kufungwa akaangaliwa. Mbwa koko utamtafuta wapi kesho? Hata hivyo, chanjo huanza kwanza, uangalizi hufuata.

Salma: Mwenyeji anasema baadhi yao wana vibandiko masikioni.

Shangazi Rukia: Katika miji kama Istanbul, kibandiko cha sikioni huonyesha kwamba mbwa alipitia mikono ya manispaa, akachanjwa na kuhasiwa. Hakikuambii chanjo hiyo ingali na nguvu leo, basi kisikufanye uache kwenda hospitali.

Salma: Je, nikiwazoesha kwa vipande vya mkate?

Mjomba Hamisi: Hapana! Watakungoja kila siku, na siku utakayokuja mikono mitupu watagombana miguuni pako. Tena mwenye watoto, anayekula na aliyelala, wote wapitie mbali.

Mama Salma: Wifi, hakuna chanjo ya kabla ya safari?

Shangazi Rukia: Ipo, wifi, na kwa safari ya Salma naona ni ya lazima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi 2 zinazopishana kwa siku 7. Haimwondolei mtu kwenda hospitali akiumwa, lakini atahitaji dozi 2 tu za nyongeza, ya siku hiyo na ya siku ya tatu baadaye, wala hatahitaji sindano ya kingamwili, yaani kinga iliyo tayari ya kupambana na virusi, inayochomwa ndani na kandokando ya jeraha. Sindano hiyo ni ghali na ni adimu katika nchi nyingi. Wapo wasafiri wanaolazimika kuvuka mpaka kuitafuta. Umebakiwa na muda gani, Salma?

Salma: Wiki 5, Shangazi.

Shangazi Rukia: Nenda wiki hii, na cheti cha chanjo ukiweke pamoja na pasipoti.

Salma: Nimepata miadi ya Alhamisi. Mwenyeji naye nimemwomba anitajie hospitali ya karibu yenye chanjo na kingamwili, pamoja na njia ya kwenda kituoni inayopita barabara kubwa, hata ikiwa ndefu zaidi.