Wakuu, 120,000 kwa picha ya mhusika wangu wa gemu, napigwa?

Kete20: Habari za usiku wakuu. Nipo Kigoma, Mwanga. Mimi na washkaji tunacheza Dungeons & Dragons kila Jumamosi kwa simu, ule mchezo wa kuigiza wahusika. Wangu anaitwa Kalunde, mpiga mishale, nusu mtu nusu jini, nipo naye mwaka wa pili. Nataka achorwe picha kubwa ya ukutani. Fundi mmoja Kibirizi, anaandika majina kwenye mitumbwi, kanitajia 120,000. Napigwa? Na rangi iwe ya mafuta au akriliki? Usingizi sipati.

MamaDagaa: Jini unamleta sebuleni kwa hela yako mwenyewe. Mtoto akianza kuweweseka msimsumbue shehe.

Kete20: Mama, ni mchezo tu. Upo tangu 1974 huko Marekani, unarusha kete ya pande 20, basi.

BrashiMkononi: Mimi nachora. Akriliki inakauka chapu, ya mafuta utasubiri siku kadhaa. Ila rangi si tatizo lako. Mwandikie fundi kila kitu: umri, mavazi, upinde kaushika mkono gani, mwanga unatokea wapi. Akupe kwanza mchoro wa penseli, uukubali ndipo aguse rangi. Na mpatane atarekebisha mara ngapi KABLA hujatoa hata mia. Sura anaitoa wapi?

Kete20: Sura ipo. Advansi nishatoa 70,000.

BrashiMkononi: Yaani ushatoa 70,000 ndo unauliza kama unapigwa. Haya. Sura ya nani?

MzeeWaReli: Wachoraji wa siku hizi! Nilipostaafu niliagiza picha ya Liemba. Meli imejengwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaibuliwa 1924, historia nzima nilimwandikia kijana. Akaniletea meli ina mabomba matatu. Ipo stoo mpaka leo, wajukuu wanaiita Titanic.

Tanganyika_Boy: 😂😂 Mzee ulilipa?

MzeeWaReli: Nililipa. Fremu ilikuwa nzuri.

BrashiMkononi: Kete20, sura ya nani?

Kete20: Nimempa picha ya shemeji, mdogo wake wife. Kabla hamjaanza: Kalunde ana kovu kwenye nyusi ya kushoto, nilirusha kete ikatoka 1, akajeruhiwa. Shemeji naye ana kovu palepale, alianguka na baiskeli. Ningetafuta mwingine wapi?

MamaDagaa: Nilijua si jini.

Tanganyika_Boy: Shemeji ana habari?

Kete20: Nitamwambia ikikamilika. Iwe sapraizi.

MamaDagaa: Sapraizi ya mke au ya mdogo mtu? Mwanangu, kamwombe fundi abadilishe sura leo hii.

Kete20: Atadai hela nyingine. Na masikio nimesema yawe marefu, nani atamtambua?

Mgebuka_Mkavu: Hii chai wakuu, tena ya rangi, tangawizi hamna. Kovu la kete na kovu la baiskeli, nyusi ile ile ya kushoto? Na mwezi wa tatu jamaa alianzisha uzi humu anatafuta mchumba. Leo ana mke na shemeji juu.

Tanganyika_Boy: Nimeufukunyua, upo kweli. "Awe mweupe kiasi, asiwe mtu wa makuu."

Kete20: Ile akaunti tulikuwa tunatumia na kaka.

Mgebuka_Mkavu: Kaka naye anarusha kete?

MzeeWaReli: Mwacheni kijana. Hata kama katunga, ushauri wa penseli umenisaidia. Nataka kuagiza nyingine, bomba moja.

Kete20: Mnaosema chai, fundi kanipigia sasa hivi. Mchoro wa penseli tayari, na hajauliza ni wa nani kwa sababu kasoma na shemeji. Kaubandika dirishani, eti wateja wauone.

BrashiMkononi: Dirisha la ziwani au la barabarani?

Kete20: La barabarani.