Klachi na shoki: mpya ama zilizotumika?

Dereva wa Uthiru: Wadau, klachi ya Probox yangu inateleza nikipandisha Kangemi, injini inalia lakini gari haisongi, na shoki za mbele zinavuja. Ninunue mpya ama zilizotumika za Japani?

Mama Teksi: Pole ndugu yangu. Mimi niliweka shoki zilizotumika, na haya matuta ya Kayole hazikumaliza miezi 3, pesa ikaenda bure. Nunua mpya, na ubadilishe zote mbili pamoja.

Fundi wa Kirinyaga Road: Klachi usiweke sahani pekee, badilisha pia presha pleti (ile inayobana sahani) na beringi, maana kushusha giaboksi ndio kazi yenyewe, hutaki kuilipia mara mbili. Na fundi wako aangalie sili ya nyuma ya injini (mpira unaozuia mafuta yasivuje), mafuta yakifika kwa klachi itateleza tena.

Dereva wa Uthiru: Asanteni sana, hiyo sili sikuijua.