Prinsipali amesema tungoje bodi ya Ijumaa. Mimi dipyuti, niripoti ama ninyamaze?

chaki_na_vumbi:
Habarini walimu. Hii itakuwa ndefu mnisamehe, nimekaa nayo tangu asubuhi na hapa shuleni hakuna mtu naweza uliza. Nimefundisha miaka 14 lakini u-dipyuti (unaibu wa prinsipali) nina miezi nane tu, shule ya bweni, sekondari, sitasema wapi.

Leo saa moja asubuhi metroni (mlezi wa bweni) alinivuta kando akaniambia kuna msichana wa kidato cha pili alimwendea jana usiku analia. Mwalimu mmoja wetu amekuwa akimtumia meseji kwa simu ya mama yake likizo nzima, na tangu shule zifunguliwe amemwita mara mbili aende nyumba za walimu "kuchukua vitabu vya kusahihisha". Mara ya kwanza alienda na rafiki yake, mara ya pili hakwenda, na sasa anaogopa kuingia darasani kwake. Mama mtu hajui kitu. Meseji metroni ameziona, msichana alizinakili kwa daftari kwa mwandiko wake na tarehe zote (huyo mtoto ana akili kuliko sisi).

Nikampigia prinsipali, yuko kwa mkutano mjini. Akaniambia "hakuna kitu kimefanyika, hizo ni meseji tu, usiandike popote, bodi inakaa Ijumaa tutalimaliza hapo kiofisi na huyo jamaa tumtafutie transfa." Leo ni Jumanne. Nina watoto wawili chuo na huyu mzee ndiye anajaza fomu zangu za tathmini. Sasa swali langu, jukumu la kuripoti si ni la mkuu wa shule? Mimi nikishamwambia si nimemaliza?

MzeeWaKengele:
Hujamaliza mwalimu. Pole lakini wacha nikwambie moja kwa moja.

Tafuta Waraka wa TSC (tume inayoajiri walimu hapa Kenya) namba 3 wa 2010, ule wa kulinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kimapenzi. Kila shule ilitumiwa, nyingi ziliufungia kwa faili na hapo ndipo ulipolala. Unasema mwalimu yeyote mwenye habari, si mkuu peke yake, YEYOTE, anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24. Na anayekosa kuripoti ama anayejaribu kuficha, huyo naye anachukuliwa hatua za nidhamu. Kwa hivyo saa yako ilianza kuhesabu leo saa moja asubuhi, ukingoja Ijumaa utakuwa umepitisha siku tatu na prinsipali wako akiulizwa atasema dipyuti alijua akanyamaza, nakuapia atasema hivyo, mimi nawajua wakubwa.

Nakwambia hivi kwa sababu mwaka wa 2007 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na nikafanya vile vile anavyotaka huyo mzee wako. Wazazi walikuja na chifu, tukakaa chini ya mti, mbuzi wakatajwa, mwalimu akaomba msamaha, mimi nikamwandikia barua ya kuhama. Kwa mkono wangu. Nikaandika "mwalimu mchapa kazi mwenye nidhamu" nikagonga na muhuri. Tukafunika kombe mwanaharamu apite. Mwaka wa pili yake nikasikia mtoto wa darasa la saba kule alikohamia ameacha shule ana mimba. Nimestaafu, pensheni naipata, lakini ile barua bado naiona.

wakili_wa_mtaa:
Mzee umesema ukweli na pole kwa hiyo.

Niongeze upande wa sheria kwa sababu watu wengi wanadhani ni mambo ya TSC tu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 24, inamtaja mkuu wa shule, mwalimu ama mfanyakazi wa shule anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi, hiyo ni jela isiyopungua miaka 10, na hapo tunaongea kosa ambalo halijafika kuwa unajisi, yaani kufanya ngono na mtoto. Likifika unajisi, kama mtoto ni wa miaka 16 ama 17 kifungo ni kuanzia miaka 15, wa 12 mpaka 15 ni kuanzia miaka 20, na wa 11 kushuka chini ni maisha.

Na hii ya "ni meseji tu". Kifungu cha 23 kinamshika mtu mwenye mamlaka anayemsumbua mtu tena na tena kwa maombi ya kimapenzi huku akijua hayatakiwi, miaka 3 kwenda juu ama faini isiyopungua laki moja, ama vyote viwili. Kama hizo meseji ni za likizo nzima basi hilo neno "tena na tena" limeshajijibu. Si lazima mtoto aguswe ndiyo kuwe na kosa.

Hiyo ya kumalizana kiofisi pia isahau. Kesi ya aina hii mzazi hawezi kuifuta, chifu hawezi, bodi ndiyo kabisa. Kifungu cha 40 kinasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi ama mashtaka ni wa Mwanasheria Mkuu, kazi ambayo siku hizi iko kwa DPP (mkurugenzi wa mashtaka ya umma).

Kama prinsipali wako anapenda pesa za shule mwambie asome kesi ya W.J. na mwenzake, Mahakama Kuu ya Nairobi, Mei 2015, Jaji Mumbi Ngugi. Wasichana wawili wa shule ya msingi Nakuru, mshtakiwa alikuwa naibu wa mwalimu mkuu. TSC ilikuwa imeshamfuta kazi na ikajitetea kwamba imefanya yake. Jaji akakataa, akasema kuwahamisha walimu wa namna hiyo shule hadi shule halafu mwisho kuridhika na kuwafukuza hakutoshi kumlinda mtoto. Mwalimu, shule, TSC na serikali wote wakawekwa kapu moja, milioni 2 kwa mmoja na milioni 3 kwa mwingine. TSC wakakata rufaa, mwaka wa 2020 Mahakama ya Rufaa ikawaangusha. Sasa mtu akikwambia "tumtafutie transfa" baada ya hiyo hukumu, anajitafutia mwenyewe.

Mwl_Kimya:
Mimi nitakuwa yule mtu mbaya wa hii mada. Nyote mmeshamhukumu huyo mwalimu na hakuna aliyemuuliza. Nina rafiki alisimamishwa karibu mwaka mzima kwa maneno ya mwanafunzi aliyekuwa amemnyima alama, akaja akapatikana hana hatia lakini ndoa ilishavunjika na kijiji kizima kinamwita jina ambalo siwezi andika hapa. Dipyuti hebu kwanza muite huyo mwalimu, muulize kiungwana, mwite na msichana mbele yake tusikie. Si ndiyo haki?

wakili_wa_mtaa:
@Mwl_Kimya naelewa uchungu wako kabisa, na rafiki yako alionewa. Lakini tafadhali dipyuti USIFANYE hivyo. Ukimweka mtoto wa miaka 15 mbele ya mtu anayemwogopa, na mtu huyo ndiye anasahihisha karatasi zake, utapata jibu moja tu, "nilikuwa natania mwalimu". Na simu itafutwa jioni hiyo hiyo.

Kuripoti si kuhukumu. Mwalimu akipewa barua ya kusimamishwa ana siku 21 za kuandika utetezi wake, anaitwa kusikizwa, anaita mashahidi, anaweza kwenda na mtu wa chama cha walimu. Hiyo ndiyo nafasi yake ya kusema. Dipyuti yeye kazi yake si kupima nani mkweli, ni kupeleka habari kama alivyoipata. Kilichomuumiza rafiki yako ni kesi kukaa karibu mwaka mzima, na hapo mimi niko na wewe, ofisi zile zinachosha.

MzeeWaKengele:
Naongezea la kiofisi maana hapo ndipo watu hukwama. Chukua karatasi sasa hivi, usiandike hadithi ndefu. Andika nani amekuambia, saa ngapi, alisema nini kwa maneno yake, wewe ukafanya nini, na simu ya prinsipali ilikuwa saa ngapi na alijibu nini. Weka tarehe na sahihi. Nakala mbili, moja ofisi ya TSC ya kaunti ndogo na HAKIKISHA wamegonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, nyingine ibaki nyumbani si ofisini (mimi faili zangu ziliwahi "kupotea"). Polisi utapewa namba ya OB (kitabu chao cha matukio), iandike. Afisa wa watoto pia ajue. Ukikwama usiku kuna 116, simu ya watoto, haina malipo.

Daftari la msichana usilichukue ukakaa nalo kwa droo, alipeleke mwenyewe akiwa na mtu mzima anayemwamini. Mama yake ajulishwe leo na aambiwe asifute kitu chochote kwa hiyo simu. Na usimfanye mtoto arudie hadithi kwako, kwa prinsipali, kwa mwalimu wa ushauri, kwa kasisi, kwa nani, amesema mara moja inatosha mpaka afike kwa wanaohusika. Usipige picha ukatuma kwa grupu ya walimu!! Naandika hili kwa sababu nimeona.

binti_wa_pwani:
Nawasalimu kutoka Tanga. Poleni. Nimesoma mpaka mwisho nikacheka kwa uchungu, kumbe maneno ni yale yale, huku tunasema "tuyamalize kifamilia".

Kwetu Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, kikaingia kifungu cha 60A, anayempa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Watu wote wanaijua hiyo 30. Wasichokijua ni kwamba hapo hapo mkuu wa shule amepewa kazi ya kutunza kumbukumbu na kupeleka taarifa kila robo mwaka ya mimba na ndoa za wanafunzi na hatua za kisheria zilizochukuliwa. Sasa mkuu akiandika sifuri robo baada ya robo na kila mtu anajua kuna binti katoweka, hiyo sifuri ni sahihi yake. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 95 inamwambia mtu yeyote kwenye jamii akijua haki za mtoto zinavunjwa aripoti serikali ya mtaa. Hata mpishi wa shule.

Lakini kaka/dada dipyuti umeona tofauti, ninyi mna saa 24. Kwetu ile ya kila robo inahesabu mimba na ndoa, na hapo mtoto ameshaumia. Yenu inaanza kwenye habari tu. Usiipoteze.

chaki_na_vumbi:
Asanteni wote, hata @Mwl_Kimya, nilikuwa karibu kufanya hivyo ulivyosema.

Nimeandika. Ukurasa mmoja na nusu. Mama yake msichana amefika saa kumi na mbili kwa gari la mwisho la abiria, hajalia, ameuliza tu "simu yangu?" halafu akaketi. Prinsipali nimemtumia ujumbe kwamba naenda kituoni na kesho asubuhi TSC, ameusoma, hajajibu.

Swali la mwisho, metroni ameajiriwa na bodi si TSC na ameanza kutetemeka, ananiuliza akifukuzwa Ijumaa nani atamtetea. Sijui nimwambie nini.

wakili_wa_mtaa:
Naye aandike taarifa yake leo, kabla ya hiyo bodi, na iingie polisi pamoja na yako. Wakimfukuza Ijumaa kwa kusema alichosema Jumanne, tarehe zitaongea mbele ya hakimu wa kazi. Jina lake lisitajwe hapa. Nitumie ujumbe wa faragha, kesi kama hiyo sitozi.

chaki_na_vumbi:
Sawa. Tuko getini, wanne, tunangoja gari. Metroni amesahau miwani amerudi kuichukua, anasema hawezi kuweka sahihi kitu ambacho hajasoma.